Nafasi ya Namba Kumi

Kwenye sanduku langu kila spana imechongewa nafasi yake, na nafasi ya namba kumi ilikuwa tupu.

Injini ya ndege ilikuwa inanguruma tayari. Nikapishanisha mikono juu ya kichwa: simamisheni.

Wakasimamisha. Meli yetu ya kivita ina watu mia tatu, na wote waliitwa juu kwenye sitaha ya kurukia ndege, hata wapishi na makarani, kwa sababu spana moja ikinyonywa na injini, rubani harudi. Wakajipanga bega kwa bega, wakatembea polepole macho chini. Nahodha, ambaye huwa tunamwona kwa nadra kama mwezi mwandamo, alipiga magoti akachungulia nyuma ya gurudumu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kwa ajili ya spana!

Nilipoinama nami, kitu kigumu kikanichoma pajani. Namba kumi, mfukoni mwangu.

Ningeweza kuidondosha kimyakimya, nijifanye nimeiokota.

"Afande," nikasema, nikiinyanyua juu, "ninayo mimi. Ilikuwa mfukoni."

Mpishi mmoja akasonya. Nahodha akainuka, akapangusa magoti.

Rubani akanijia, kofia kwapani. "Nani alihesabu vifaa?"

"Mimi, afande."

Akaichukua spana, akaipachika kwenye nafasi yake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikazama. Kisha akapanda ngazi, akaketi, akafunga mkanda.

"Haya, fundi," akaniambia, "nirushe."