Pombe ya Pipa la Mbao

Ule ukali wa pombe ya mwanawe ulimshika Dorika chini ya taya, machozi yakamlenga. Miaka yote aliyopika pombe ya mtama pale Bugarama, yenye ladha kama hii aliimwaga bila kumuuliza mtu.

Mwanawe alikuwa ameifungia kwenye pipa la mbao mwaka mzima, bila kuitia hamira. Kwa ajili ya pipa hilo aliacha kazi mgodini.

"Haijaharibika, mayu," alimnong'oneza mama yake. "Ndivyo inavyotakiwa iwe."

Mwenye hoteli kutoka Kahama alishika glasi yake bila kuionja. "Mimi pombe hizi sizijui, mama. Fundi ni wewe. Ukisema nzuri, naichukua yote. Ukisema mbaya, narudi zangu mjini."

Dorika aliizungusha mdomoni. Nyuma ya ukali kulikuwa na kitu kama ukwaju, kisha harufu ya ubao ulionyeshewa na mvua, kisha kitu asichokijua kabisa. Huenda kilikuwa kizuri. Huenda kingewaharisha watoto wa watu. Ulimi wake, ambao haujawahi kumwangusha, ulinyamaza.

Mwanawe alikuwa amekunja ngumi kama mtoto anayesubiri sindano.

"Hebu niongeze kidogo," alisema Dorika, apate muda wa kufikiri.

Kijana aliruka juu. Majirani waliokusanyika uani wakapiga vigelegele, maana kwao mpika pombe akionja na kuomba aongezwe, pombe imepita.

"Subirini kwanza, jamani!"

Hakuna aliyemsikia. Mwenye hoteli alikuwa ameshainua glasi, koo lake likipanda na kushuka.