Kocha wa Nane

Chuoni kwao hakuna kocha mkuu wa mpira wa kikapu anayeanza na kichwa kitupu. Kila anayeingia humiminiwa kumbukumbu zote za waliomtangulia, na ndiyo maana timu haijui kushuka daraja.

Kokushubila aliyazoea. Mumewe Byabato alipopewa timu, mwaka mzima alikuwa akimwita Felista, jina la mke wa kocha aliyestaafu. Kokushubila aliitika tu, kwa kuwa kazi ni kazi.

Sasa Byabato naye amestaafu, na mrithi wake, kijana Kaijage, alikuja na mkewe kumsalimia, kama ilivyo desturi. Mlango wa mbele una tabia ya kukwama, na wageni huusukuma mpaka wachoke. Kaijage aliuinua kidogo kwa bega, ukafunguka.

"Karibuni chai," alisema Kokushubila walipokwisha kuketi. "Ngoja niwaletee sukari."

"Usijisumbue, mama." Kaijage aliinuka, akaenda moja kwa moja kabatini, akaitoa sukari nyuma ya birika bovu.

Byabato alicheka. Mke wa Kaijage hakucheka.

Wakanywa chai, wakamzungumzia mchezaji aliyeumia goti. Kisha Kaijage, macho yakiwa kwenye kikombe, akasema taratibu, "Kipusa, leo tangawizi imezidi."

Jina hilo Byabato humwita mkewe chumbani tu.

"Abee," aliitika Kokushubila kabla hajawaza. Alipoinua uso, wanaume wawili walikuwa wakimtazama kwa jicho lile lile.