Faili la Nesi Halszka

Kosa lilikuwa la Bogna, na alilitangaza mwenyewe Alhamisi hiyo kabla hata hajavua koti.

"Wit, nimemponza mtu."

"Saa tatu hii asubuhi? Si ungekunywa kahawa kwanza," alisema mhariri wake.

Pale Tarnów, kama Poland nzima, ukimnukuu mtu unampelekea maneno yake ayapitishe kabla hayajachapwa. Bogna alikuwa na mafaili mawili: la mkurugenzi wa hospitali, na la nesi Halszka, aliyefichua kwamba wodi mbili huachiwa nesi mmoja huku ratiba ikionyesha wanne. Kidole kikateleza. Faili la Halszka likaenda kwa mkurugenzi.

"Lina jina lake?"

"Si uliniambia Jumapili, nilipokutumia nakala, niliache ili uhakiki chanzo? Hakuna mwingine anayelijua zaidi yetu."

Wit akamsogezea andazi la jamu. "Tulia, dada. Mkurugenzi hatashtuka."

Wit ni mtu mwema. Mmiliki mpya wa gazeti alipofagia nusu ya wafanyakazi, yeye ndiye aliyempigania Bogna abakizwe, japo kwa kibarua cha kulipwa kwa habari moja moja, bila likizo wala ruhusa ya kuugua. Na ndiye aliyewakumbusha kila wiki kwamba tangazo la hospitali, ukurasa mzima, ndilo linalowalisha.

Bogna akalirudisha andazi. Halszka ana mapacha, na mume wake mgongo umemlaza kitandani. Ombi lake lilikuwa moja tu: asijulikane.

Bogna akapiga simu, akailaza mezani na kufungua spika ili Wit naye asikie.

"Dada Halszka, nisamehe. Nimekuharibia. Asubuhi hii nimemtumia mkurugenzi maneno yako, jina na yote."

Kicheko kikavu kikamjibu.

"Asubuhi hii? We Bogna, umelala wapi? Mimi nimefukuzwa tangu Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa na karatasi yako mkononi, akanisomea neno kwa neno."

Simu ikakatika.

Midomo ya Bogna ikahesabu siku: Jumapili, Jumatatu. Kisha akageuka.

"Wit," alisema taratibu, "hebu niangalie."

Wit alikuwa ameikodolea macho kompyuta yake, ambayo hata hakuwa ameiwasha.