Sala Mbele ya Fundi Viatu

“Mungu wangu, huyu baba hana hata miezi miwili, na mimi nimemdanganya kwamba atapona.”

Binti alisema hivyo kwa sauti, kinagaubaga, hatua mbili kutoka alipoketi baba yake. Mzee alimtupia jicho, akatabasamu, akaendelea kugongomea kisigino. Fundi viatu huyo alipoteza usikivu kwa homa akiwa na miaka tisa, na karakana yake ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo binti angeweza kuungama bila kusikiwa na mtu.

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu waende hospitali. Binti ndiye aliyekuwa mkalimani, kama kawaida. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa masikio ya baba yake, na kazi hiyo aliionea fahari kuliko cheo chochote. Daktari aliwaketisha mbele yake, akasema polepole kwamba dawa zimeshindwa. Imebaki miezi mitatu, wakijaliwa. Baba akamgeukia binti, akangoja. Binti akainua mikono, na mikono ikajisemea yake: “Utapona, ila itachukua muda.”

Baba alimtazama kwa kitambo, kisha akamshika bega.

Tangu siku hiyo binti hakuwa na raha, na kilichomtafuna zaidi ni habari ya shangazi. Baba hakuwa ameonana na dada yake kwa miaka mingi. Kila alipokumbushwa safari ya kwenda kumwona, alijibu kwa mikono, “Nitakwenda. Bado kidogo.” Bado kidogo! Mtu mwenye siku za kuhesabika anasema bado kidogo, kwa sababu mwanawe wa kumzaa amemlisha uongo.

Basi kila asubuhi, akishamwekea chai, aliomba palepale kwa sauti apewe ujasiri, au angalau ishara. Wapi! Mungu kimya, dirisha kimya, na hata nzi wa karakana hiyo hakuonyesha nia ya kusaidia.

Baba naye aliomba kabla ya kushika nyundo. Alifumba macho na kufumbata viganja, na mikono yake ikishatulia hivyo, hata binti hakuweza kujua anasema nini na Mola wake. Lakini mgonjwa huomba nini zaidi ya uzima? Binti alimtazama akaona aibu mpaka kwenye mifupa.

Asubuhi hiyo aliingia mwanamke mmoja na kiatu mkononi. “Kisigino kimelegea, mzee wangu, na Ijumaa nasafiri nacho,” alisema. Binti alikuwa hajaweka hata kikombe chini ili atafsiri, na baba alishagusa Alhamisi kwenye kalenda ya ukutani. Mteja akaondoka ameridhika. Binti hakushangaa, maana baba yake alizoea kusema kwamba kiatu kibovu hujieleza chenyewe.

Walipobaki wawili, binti aliuliza kwa mikono, “Baba, Mungu akikunyamazia, unafanyaje?”

Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika. “Miaka hamsini na mitatu sijasikia sauti ya mtu, mama. Kwani watu wameacha kusema nami?”

Hapo binti akashindwa kujizuia. Mikono ilikosea, ikarudia. “Baba, daktari hakusema utapona. Alisema miezi mitatu. Nilikuficha kwa sababu sikuweza kukutazama usoni nikakwambia, na sasa nimekupotezea wiki tano nzima. Nisamehe. Nenda kwa shangazi, baba, nenda kesho.”

Vidole vya baba vilijaa gundi. Alivifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja, bila haraka. Binti alisimama akilia, akiogopa jinsi mikono ile itakavyomhukumu.

“Asante, mama,” mikono ilisema. “Hilo ndilo nililokuwa namwomba Mungu kila asubuhi, uniambie mwenyewe, maana nisingeweza kusafiri nikakuacha nalo peke yako. Na siku nyingine ukiomba humu ndani, geukia ukutani. Midomo ya watu naisoma tangu nikiwa na miaka kumi.”