Kocha Kakakuona na Mteremko

Zamani zile wanyama walipoanza kuvaa viatu vya magurudumu, kocha wao alikuwa Kakakuona, mwenye magamba mwili mzima. Kila asubuhi aliwahimiza wanafunzi wake, Nguchiro, Digidigi na Kicheche, "Simameni wima, wanangu. Mteremko hauogopwi." Lakini yeye mwenyewe akifika mteremkoni alijikunja kwa woga kama mpira na kubingirika hadi chini. Akijikung'uta vumbi alisema, "Hilo msiliige."

Siku ya mashindano Mzee Ngiri, mwenye uwanja, alimwonya, "Wakishindwa leo, mwalimu, hapa napanda viazi."

Mbio zikaanza. Wanafunzi waliteleza wima, na Kakakuona akavimba kichwa. Walipofika mteremkoni, wote watatu wakajikunja na kubingirika. Kakakuona akajifunika uso.

"Miaka yote nimewafundisha ushujaa," akanung'unika, "kumbe walichoshika ni woga wangu."

Aliposikia vifijo, akachungulia. Wapinzani walioteremka wima walikuwa wametapakaa njiani, miguu juu. Wanafunzi wake walikuwa wameshavuka mstari wa mwisho, wana kizunguzungu lakini wameshinda.

Kesho yake Ngiri akamleta mwanawe. "Mwalimu, mfundishe huyu kujikunja."

"Mimi sifundishi hilo," Kakakuona akajibu kwa haya. "Mimi hufundisha kusimama."

"Basi wewe fundisha kusimama," akasema Ngiri. "Kujikunja atajifunza mwenyewe akikutazama."