Muuza Dawa wa Seva ya Jirani

"Ifungie seva nzima, dada!" wenzangu waliandika.

Kundi letu la sala lina seva yake mtandaoni, nyumba yetu ya kuandikiana, nami ndiye mlinzi wa mlango. Katika seva ya jirani, iliyounganishwa na yetu, kulikuwa na muuza dawa za nguvu za kiume, akizitangaza chini ya kila sala yetu. Ukimfungia peke yake, anarudi kwa jina jingine.

Nikafuta unga kidoleni, nikabonyeza. Matangazo yakakoma. Tukaandikiana amina kwa raha zetu.

Mara simu ikalia. Binti yangu, aliyeolewa mbali.

"Mama, nimejifungua salama! Nakutumia picha huko kwenye kundi, hazifiki. Umenikasirikia?"

Kumbe naye yumo seva ileile ya muuza dawa! Nimechoma nyumba kwa ajili ya panya mmoja.

"Hata kidogo, mwanangu. Hebu tuma tena."

Nikaifungulia. Mjukuu akaingia, na pua ya marehemu babu yake vilevile. Machozi yakanilenga.

Wa kwanza kupongeza alikuwa muuza dawa: "Hongera, bibi! Mkweo ni mteja wangu wa siku nyingi."

Wenzangu wote wakaningoja nibonyeze.

Nikaitazama tena ile pua, nikamjibu: "Amina."