Kulabu ya Nyuma

Fundi alivuta mpini wa kufungulia. Kulabu ya mbele ikaachia papo hapo. Ya nyuma ikagoma katakata.

Boti la uokoaji lilikuwa limeshateremshwa, limetulia juu ya maji ya bandari, lakini kwa nyuma bado limeng'ang'aniwa na kamba ya chuma ya meli. Mkaguzi aliyeketi humo botini kando ya fundi akafunga kalamu.

"Meli ikizama kweli, dada, na sisi tunazama nayo."

Fundi akainama, akaikwaruza kulabu kwa ukucha. Ukucha ukajaa rangi ya chungwa, mbichi bado kwa ndani, nene, imeziba hadi kwenye maungio.

Meli nzima ilikuwa na mpaka rangi mmoja tu, naye ni baba mkwe wake, yule aliyesimama kule juu sitahani, brashi mkononi, anatabasamu.

"Nani kapaka hii?" mkaguzi akauliza.

Fundi akaupangusa ukucha. Tangu aolewe hajawahi kumwambia mzee yule hata kwamba chai yake ina sukari nyingi.

"Kusema kweli, kosa ni la..."

"Mimi hapa!" mzee akanguruma kutoka juu. "Mikono mitatu ya rangi, mwanangu! Mwambie mgeni kesho naongeza wa nne!"

Mkaguzi akauma midomo, mabega yakimtikisika. Kisha akainua uso.

"Shikamoo, mzee! Hebu shuka huku, na uje na msasa."

"Marahaba! Na brashi nije nayo?"